Je, Anaruka Mtu au Unaruka Mguu?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mwanangu, aliyekatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya ajali ya pikipiki, anafuatilia sana habari za Markus Rehm, mrukaji wa Ujerumani, na sasa anataka kushiriki mruko mrefu shuleni. Jamaa zake wanamvunja moyo wakidai kwamba kinachoruka ni mguu bandia wa kaboni anaouvaa, wala si bingwa mwenyewe. Je, ni kweli?
Mama wa Likoni, Mombasa

JIBU: Mama, maneno ya jamaa hao yana chembe ya ukweli, lakini hayatoshi kumkatisha tamaa kijana. Rehm alikuwa na umri wa miaka 14 alipoanguka majini akiteleza kwa ubao nyuma ya boti, na rafadha ya boti nyingine ikamjeruhi mguu wa kulia hata ukakatwa chini ya goti. Tangu London 2012 hadi Paris 2024 ametwaa dhahabu ya mruko mrefu katika Paralimpiki nne mfululizo, na mwaka 2023 aliruka mita 8.72, ilhali dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo ilipatikana kwa mita 8.41.

Ubishi ulipamba moto mwaka 2014, alipowashinda wasio na ulemavu katika ubingwa wa Ujerumani kwa mita 8.24, kisha akaachwa nje ya kikosi kilichokwenda mashindano ya Ulaya. Mwaka uliofuata shirikisho la riadha duniani lilimtaka mwanariadha mwenyewe athibitishe kwamba kifaa chake hakimpi faida. Wataalamu waliompima Rehm walikuta kwamba mguu bandia humpunguzia kasi anapoukimbilia ubao wa kurukia, ila humsaidia anapojirusha, kwa kuwa huurukia mguu huo huo. Kama faida inaishinda hasara, hawakuweza kukata shauri. Kwa maoni yangu, si haki kumtwika mtu mmoja mzigo uliowashinda wataalamu.

Waulize jamaa zako jambo hili: katika Paralimpiki ya Tokyo Rehm aliruka mita 8.18, na Dimitri Pavadé wa Ufaransa, aliyeshika nafasi ya pili naye akiwa na mguu bandia, aliishia mita 7.39. Kama kaboni ndiyo inayoruka, pengo hilo limetoka wapi?

Rehm pia ni fundi wa miguu bandia, na hapo ndipo mwanao ana la kujifunza. Kikombe kinachoshika kigutu kikilegea au kikibana, ngozi huwa nyekundu na kutoka malengelenge, na kijana anayekua hukipita kikombe chake upesi. Mguu wa kutembelea haukuundwa kustahimili kishindo cha kuruka, kwa hiyo kwanza mpeleke kwa fundi akikague kikombe, na kwa sasa ajifunze kwa hatua chache za kukimbia, akirukia mguu wake mzima. Kama hajasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, msajilini, kwani baraza hilo husaidia kupata vifaa vya aina hii.