Kocha wa maisha au mwanasaikolojia? Nimepita kwa wote wawili, nilianza na ambaye tatizo langu halikuwa lake

Mkuu umeuliza kama kocha wa maisha na mwanasaikolojia si walewale tu, na kama mtu aliyekwama kama wewe aanze na nani. Nakujibu kwa kirefu maana swali hilohilo nililijibu vibaya mwenyewe na likanila miezi.

Hali yangu ilikuwa hivi. Kazi ninayo, siumwi popote, ila kila kitu kimesimama. Kozi nimeiacha nusu, meseji za watu naziona napita, kila Jumapili usiku najiambia kesho naanza upya. Nikajihukumu kwamba mimi mvivu, sina nidhamu, na mvivu anahitaji nini kama sio mtu wa kumsukuma? Nikatafuta kocha.

Na kocha mwenyewe alikuwa mzuri, kasomea kazi yake, sio wale wa kupiga kelele za hamasa. Kikao cha kwanza tulichora duara tukaligawa vipande 8, kazi, pesa, afya, mahusiano na kadhalika, kila kipande unakipa alama hadi 10 halafu unachagua pa kuanzia. Nikatoka na daftari lina malengo 3: kuamka saa 11 na nusu nitembee nusu saa, somo moja la ile kozi kila wiki, na kumpigia simu rafiki mmoja. Wiki ya kwanza nikafanya moja. Ya pili sikufanya hata moja. Ya tatu alamu inalia naisikia kabisa maana niko macho tangu saa 9, viatu nimeviweka chini ya kitanda tangu jana yake usiku, naviangalia, na mkono hauendi. Kutaka nilitaka, mwili ndo ulikuwa kama wa mtu mwingine.

Hapa ndipo tofauti ilipo kwa ninavyoiona mimi. Ukocha unaanza na imani kwamba nguvu unazo, unachokosa ni lengo lililonyooka, mpango, na mtu wa kukuuliza umefika wapi. Hata asili yake ni michezoni, Timothy Gallwey alikuwa mwalimu wa tenisi Marekani, miaka ya 1970 akaonyesha kwamba mchezaji anajifunza zaidi akisaidiwa kuuangalia mpira na mwili wake mwenyewe kuliko akipigiwa kelele za maelekezo, halafu John Whitmore wa Uingereza, aliyewahi kuwa dereva wa magari ya mashindano, akayapeleka mawazo hayo makazini. Ndo maana makocha wengi maswali yao yanakwenda kwa mpangilio uleule: unataka nini, sasa hivi uko wapi, njia zipi zipo, utafanya ipi na lini. Kwa mtu mwenye nguvu hayo ni maswali ya dhahabu kabisa. Kwa mtu mwenye sonona, ule ugonjwa wa kuzama moyo na kukosa nguvu (depression), lile la mwisho ni mtego, kwa sababu ataahidi, atashindwa, na wiki ijayo anakuja amebeba huko kushindwa kama ushahidi kwamba kweli yeye hafai. Daftari langu lilikuwa limeshageuka faili la kesi, na mshtakiwa ni mimi.

Kikao cha 6 kocha akalifunga lile daftari akalisogeza pembeni. Akaniuliza bila alamu huwa naamka saa ngapi, halafu akaniuliza nini kilikuwa kinanifurahisha mwaka jana na bado kinanifurahisha sasa. Nilitafuta jibu nikakosa, nikajikuta nalia. Akaniambia wazi kwamba hapa tulipofika sio kazi yake tena, nimuone mwanasaikolojia, akasimamisha vikao na hela ya vikao vilivyobaki akanirudishia. Sijui ni wangapi wangefanya hivyo, mimi namheshimu mpaka leo.

Kwa mwanasaikolojia kitu cha kwanza ilikuwa fomu ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, usingizi, hamu ya kula, kukosa raha, mawazo ya kujidhuru, kila swali kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu 27. Nilipata 17. Fomu peke yake haitoshi, alinihoji kama saa nzima ndo akaniambia ni sonona. Kocha hawezi kukwambia hivyo na wala haruhusiwi, kupima na kutibu ugonjwa sio kazi yake hata awe na kipaji gani.

Sasa utasikia watu wanasema terapia, yaani tiba ya mazungumzo kwa mwanasaikolojia, inashughulika na ya jana na ukocha unashughulika na ya kesho. Mimi sikubaliani sana. Utotoni mwangu hatukufika mpaka baadaye sana. Tulitumia ile tiba ya kubadili fikra na tabia (CBT) aliyoianzisha daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960, na ina homuweki kama ya kocha tu. Ya kwanza ilikuwa nifungue pazia nisimame dirishani dakika 5, niandike moyo uko ngapi kati ya 10 kabla na baada. Ila nikishindwa, kule kushindwa ndo kunakuwa kazi ya kikao: wazo gani lilipita kichwani pale, ulilala vipi, tulikuwekea kazi kubwa mno? Hakuna kudaiwa. Siku ya kwanza niliandika 2 kabla na 3 baada, na ile 3 niliiangalia sana.

Baada ya kama miezi 9 nikarudi kwa kocha yuleyule, nikiwa nataka kubadili fani. Malengo ya aina ileile, maswali yaleyale, safari hii yakaenda kama yamepakwa mafuta. Kwa hiyo mkuu ukocha unafanya kazi, sitaki mtu atoke hapa anasema ni utapeli.

Ila matapeli wapo, maana nchi nyingi yeyote anaweza kuamka asubuhi akajiita kocha, wakati mwanasaikolojia tiba anatakiwa shahada, mazoezi chini ya usimamizi na leseni. Muulize kocha kasomea wapi na ana masaa mangapi. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa 1995, cheti chake cha chini kabisa kinataka masaa 60 ya mafunzo na 100 ya kufanya ukocha na watu, cha juu kabisa masaa 2,500 ya kufanya ukocha. Akikuahidi kukuponya wasiwasi au akikwambia uache dawa za daktari, ondoka hapohapo.

Kwako wewe umeandika kwamba umekwama na pia hulali vizuri kwa muda. Hicho cha pili ndo kimenifanya niandike yote haya, anza na mwanasaikolojia au hata daktari wa kawaida. Na kama kuna mawazo ya kujidhuru usisubiri miadi, nenda hospitali leo na mtu unayemwamini. Mimi kwenye fomu ya kwanza ya kocha palikuwa na swali la usingizi, nikajaza "nalala vizuri" kwa kuona aibu. Wewe ukifika jaza ukweli.