Maswali ya Wasomaji: Taroti au Orakeli?

SWALI: Ndugu Mhariri, rafiki yangu amekuwa akinisomea karata za taroti, yaani karata za picha zinazotumiwa kuagulia, na sasa ningependa kujifunza kusoma mwenyewe. Nimeshauriwa nianze na karata za orakeli kwa kuwa ni nyepesi, hazitishi, na maana ya kila karata imeandikwa juu yake. Mtu mwingine ameniambia kwamba orakeli ni mchezo tu, na kwamba uaguzi wenyewe ni wa taroti. Je, tofauti hasa ni ipi, na anayeanza ashike zipi?

JIBU: Ndugu msomaji, kila mmoja wao amekueleza nusu ya jambo. Jiulize kwanza ni nani aliyeamua mapema yale ambayo karata zako zinaweza kusema, kwa maana tofauti kubwa kati ya jozi hizi iko hapo.

Jozi ya taroti ina karata 78. Kati ya hizo, 22 ni Karata Kuu, kuanzia Mpumbavu hadi Ulimwengu, na 56 ni Karata Ndogo zilizogawanywa katika mafungu manne ya Fimbo, Vikombe, Panga na Sarafu. Kila fungu lina karata 14, yaani ree hadi kumi, kisha Kijana, Mpanda Farasi, Malkia na Mfalme. Kwa mazoea ya wasomaji wengi, Fimbo huhusishwa na ari na shughuli, Vikombe na mapenzi na hisia, Panga na fikra na ugomvi, na Sarafu na mali, kazi na mwili. Mchoraji anaweza kubadili sura na rangi, lakini akivunja mpango huu, alichokitengeneza hakiitwi tena taroti.

Mpango huo haukubuniwa na waaguzi. Karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kwa ajili ya kuchezwa, na uaguzi kwa taroti ulienea Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, baada ya mwandishi Mfaransa Antoine Court de Gébelin kudai mwaka 1781 kwamba zimebeba hekima ya makuhani wa Misri ya kale. Dai hilo halikuwa na msingi, kwani wakati ule hakuna aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale; msomi Mfaransa Jean-François Champollion aliyafumbua mwaka 1822. Ninalitaja kwa sababu bado linarudiwa, na inasikitisha kuona mwanafunzi akianza safari yake kwa hadithi isiyo ya kweli ilhali historia yenyewe inatosha kupendeza.

Orakeli haina mpango wa namna hiyo. Mtunzi ndiye anayeamua idadi, majina, picha na maana, hivyo jozi moja inaweza kuwa na karata 36, nyingine 44, na nyingine zaidi ya 60. Moja ikahusu malaika, nyingine wanyama, nyingine mimea au hatua za mwezi. Ukishajifunza jozi moja ya orakeli umeijua hiyo tu, ilhali aliyeijua vizuri taroti moja anaweza kuazima ya mwenzake na kuisoma jioni hiyohiyo.

Tuchukue karata moja ili jambo lionekane. Mwaka 1909 ilitolewa London jozi iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Katika karata yake ya Vikombe Vitano, mtu aliyejitanda joho jeusi ameinamisha kichwa mbele ya vikombe vitatu vilivyomwagika. Nyuma yake kuna vikombe viwili vilivyosimama, na mbele zaidi kuna mto, daraja na jengo ng'ambo. Ukiwa umeuliza kuhusu uhusiano uliovunjika, na karata hii ikaangukia nafasi ya yaliyopita katika mpangilio wa karata ulizoziweka mezani, utaisoma kama huzuni ambayo bado inakutawala. Ikiangukia nafasi ya ushauri, macho yako yataenda kwenye vikombe viwili na daraja. Karata za jirani nazo zitakusukuma upande mmoja au mwingine. Kazi ya kuunganisha ni yako, na ndiyo inayochukua muda kujifunza.

Karata ya orakeli iliyoandikwa "Matumaini" imekwisha kuifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Simaanishi kwamba haina thamani. Mtu aliyefiwa, au aliyechoka kiasi cha kutoweza kupima karata kumi kwa pamoja, anaweza kuvuta moja asubuhi na kukaa na wazo moja siku nzima, na hapo orakeli inafaa kuliko taroti. Ninachokitilia shaka ni kuipeleka kwenye swali ambalo jibu lake linaweza kuwa baya. Watunzi wengi wa orakeli huacha kabisa karata za kuumiza, ilhali taroti ina Mnara unaoanguka, ina Panga Tatu zilizochoma moyo, na ina Panga Kumi mgongoni mwa mtu aliyelala kifudifudi. Ukiiuliza jozi isiyo na neno "hapana" kama biashara yako itasimama, jibu lilikwisha kuchaguliwa kabla hujachanga karata.

Kwa hiyo, kwa kuwa unataka kujifunza kusoma, anza na taroti, na chagua jozi inayofuata mtindo wa Waite na Smith, ambayo Karata Ndogo zake zina watu na matukio. Katika jozi za mtindo wa Marseille, Vikombe Vitano ni vikombe vitano tu vilivyopangwa, na mwanafunzi hulazimika kutegemea namba na fungu pekee. Jizoeze kwanza kwa karata tatu. Mpangilio uitwao Msalaba wa Kikelti, wenye karata kumi, utaukuta baadaye.

SWALI: Nimepewa jozi ya Lenormand. Niihesabu kama taroti au kama orakeli?

JIBU: Si taroti, na ingawa mara nyingi huwekwa pamoja na orakeli, ina mpango wake maalumu wa karata 36. Imepewa jina la Marie Anne Lenormand, mtabiri maarufu wa Paris aliyefariki mwaka 1843, lakini jina hilo liliwekwa baada ya kifo chake, juu ya karata zilizotokana na mchezo wa Kijerumani. Husomwa kwa kuunganisha karata mbili au zaidi: Mpanda Farasi akikaa kando ya Barua, habari iliyoandikwa inakuja. Ukizisoma mojamoja, utaambulia kidogo sana.

SWALI: Nilipojisomea taroti ilitoka karata ya Kifo. Niliogopa, nikavuta karata za orakeli hadi nikapata iliyonituliza. Je, inaruhusiwa kuchanganya jozi hizi mbili?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa hofu hiyo, na naomba uitazame tena karata yenyewe. Katika jozi ya Smith, kiunzi cha mifupa kilichovaa deraya nyeusi kimepanda farasi mweupe, mfalme ameanguka chini, mtoto amepiga magoti, na kwa mbali jua linaonekana kati ya minara miwili. Wasomaji wa taroti huisoma kama mwisho wa hali fulani na kupisha nyingine, na mtu anayekutabiria kifo kwa karata hii anakudhulumu. Wala hakuna ushahidi kwamba karata za aina yoyote zinajua yajayo. Zinatusaidia kuyatazama mambo yetu kwa utaratibu, na dalili za ugonjwa au kesi ya mahakamani zipelekwe kwa daktari na wakili.

Kuchanganya kunaruhusiwa, lakini kuvuta hadi uridhike hakukusaidii. Mwaka 1949 mwanasaikolojia Bertram Forer alichapisha jaribio ambalo ndani yake wanafunzi wote walipewa maelezo yaleyale ya tabia, kila mmoja akiamini ni yake peke yake, na kwa wastani waliyapa zaidi ya alama 4 kati ya 5 kwa usahihi. Maneno ya jumla yanamfaa kila mtu, na ujumbe wa orakeli kama "achilia yaliyopita" ni wa jumla zaidi ya karata iliyokaa kwenye nafasi maalumu. Ukivuta karata saba za namna hiyo, mojawapo lazima itakugusa.

Amua kabla ya kuchanga kwamba utavuta karata moja tu ya orakeli, na ipe kazi mapema, kwa mfano ikueleze ni kwa moyo gani uupokee usomaji wa taroti. Ikipingana na taroti, ziandike zote mbili kwenye daftari pamoja na swali na tarehe, uzirudie baada ya wiki kadhaa, wakati hofu ya siku ile imekwisha kupungua.