Kwa walimu wapya: wekeni chini kalamu nyekundu

Jumatatu iliyopita, katika ofisi ya idara yetu hapa Mbagala, nilimkuta mwalimu mpya akiwa amezungukwa na madaftari ya usomaji ya mikondo miwili, yale wanamoandika wanafunzi kuhusu kitabu wanachosoma, akiweka alama ya vema kwenye kila muhtasari uliojaza ukurasa. Nilitamani kumnyang'anya ile kalamu nyekundu. Nikaenda kunywa chai kwanza, kisha nikaandika haya.

1. Msianze na muhtasari. Mikakati minne ya kusoma kwa ufahamu ambayo watafiti Palincsar na Brown waliieleza nchini Marekani mwaka 1984, yaani kutabiri, kuuliza, kufafanua na kufupisha, iliwalenga wanafunzi wanaotamka maneno bila shida lakini maana ikawaponyoka, na hao ndio tulio nao kila mkondo. Sisi tunachukua kufupisha kwa kuwa ni rahisi kusahihisha; mingine mitatu tunaiacha kwenye andalio la somo ili mkaguzi aione.

2. Swali la mwanafunzi halisahihishwi. Katika mwaka wangu wa pili kazini, binti mmoja wa Kidato cha Pili aliandika hivi baada ya sura ya tatu ya riwaya yetu: "Sijaelewa kwa nini mama hakulia msibani." Chini yake aliacha mistari miwili mitupu, kana kwamba ananipa nafasi ya kujibu. Riwaya nzima ilikuwa imejificha ndani ya kutolia kule, na katika darasa zima ni yeye peke yake aliyeliona. Mimi, nikiwa na madaftari 80 mezani na daladala za jioni zimeshaanza kujaa, niliandika: "Soma tena! Muhtasari uko wapi?" Nikampa 3 kati ya 10. Wiki iliyofuata alileta ukurasa na nusu wa mwandiko safi usio na swali hata moja, nami nikampa 9 na kumsifu mbele ya wenzake. Mwisho wa muhula ndipo nilipogundua kwamba neno "alihuzunika" limeandikwa "alihuzinika" katika madaftari 26, likiwamo lake. Nilishuka Kariakoo, nikanunua mwongozo wa riwaya ile unaouzwa kando ya barabara, na kosa lile nikalikuta limepigwa chapa. Binti yule hakuwa mvivu. Alikuwa amenisoma mimi kwa makini, akatabiri barabara ninachokitaka. Nilipomwuliza baadaye kuhusu yule mama, alijibu kwa adabu zote: "Nimeshasahau, mwalimu."

3. Ukurasa ugawanywe kwa mstari wa wima: kushoto sentensi ya kitabu na nambari ya ukurasa, kulia swali au wazo la msomaji. Utabiri uandikwe kabla ya kufungua sura, kwa sababu watoto wetu ni manabii hodari wa mambo yaliyokwisha kutokea.

4. Nanyi muwe na madaftari yenu. Siku niliposoma aya kwa sauti mbele ya Kidato cha Kwanza nikakiri kwamba nimekwama, kijana wa dawati la nyuma alinong'ona hadi mlangoni pakasikika: "Kumbe hata yeye!" Wiki hiyo maswali yalikuja kwa fujo, mengine ya kipuuzi kabisa, na nikayajibu.

Yule mwalimu mpya ameniuliza sasa atoe alama vipi. Nimemwambia aweke tarehe, ajibu swali moja kwa kila daftari, na awahi daladala. Kalamu yake iko kwenye droo yangu mpaka wiki ya mitihani.