Bastola ya nyumbani: usichaguliwe na muuzaji

Juzi dada mmoja wa Dallas kaniandikia. Mumewe anaendesha trela, wiki nzima hayupo, naye analala peke yake na watoto. "Dada, ninunue bastola gani?"

Nilipokwenda kununua yangu hapa Houston, muuzaji hakuniuliza hata naitaka ya nini. Aliniangalia mikono, akanitolea rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ndogo ya rangi ya waridi. Eti ndiyo ya kina mama. Nikaomba Glock 19, bastola ya magazini, akacheka: hutaweza kuikoki, yaani kuvuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu, ili risasi iingie. Bado inaniuma. Siku hizi nikienda kwenye uwanja wa shabaha, matundu yangu yote yanafunikwa na kiganja kimoja, na wale wanaume wa pembeni waliozoea kunielekeza wananyamaza kimya.

Yule bwana hakuniambia kwamba bastola ikiwa ndogo na nyepesi, teke lake, ule mrusho wa nyuma ukifyatua, ndilo kali. Rivolva fupi ya risasi za .38 ina kifyatulio kigumu, na nyingi hubeba risasi tano tu. Glock 19 inabeba 15 za milimita 9, na uzito wake unapunguza teke. Kukoki nako si misuli. Mtutu ukielekea kwenye shabaha, ilete karibu na kifua, kamata slaidi kwa kiganja kizima, sukuma bastola mbele huku mkono wa pili ukivuta nyuma. Kodisha mbili tatu uwanjani, uzipige, ndipo utoe pesa.

Halafu zoezi. Zoezi tena. Risasi ni ghali, kwa hiyo mengi nafanya bila risasi: natoa magazini, nakagua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa jicho na kwa kidole, risasi zote zinabaki chumba kingine, kisha navuta kifyatulio polepole kilengeo cha mbele kisitikisike.

Na jamani, tuache kupiga nazo picha, bastola si mchezo. Nyumba za huku kuta ni jipsam, risasi inapita mpaka kitandani kwa mwanao. Texas, ukiiacha bastola na risasi ndani kizembe, mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia, ni kosa la jinai. Nunua kasha la kufuli kabla ya kitu kingine chochote. Nunua na tochi, maana hulengi mtu ambaye hujamwona. Wewe wa Dallas, kubaliana na mumeo leo hii: akirudi saa tisa usiku apige simu kwanza, umjibu, ndipo atie ufunguo mlangoni.