Banda kwanza, Brahma baadaye

Kuku wangu wanne wa Brahma, mbegu kubwa ya kigeni yenye manyoya hadi miguuni, waliuawa usiku mmoja wa Aprili, mvua ikinyesha, nami nimelala hatua kumi tu kutoka bandani. Asubuhi nilipofungua mlango nilikuta watatu wamelala kwenye maranda, shingo zimetobolewa, na wa nne hana kichwa. Hakuna hata mmoja aliyebebwa. Hilo ndilo lililonichoma: kama una njaa, kula basi! Kuua wanne ili ule kichwa kimoja ni njaa gani hiyo?

Ninaishi Karen, mtaa wa kifahari wa Nairobi, upande wa Hardy, nyumba ya kupanga (si kila mtu wa Karen ana farasi). Mto Mbagathi uko chini yetu, ng'ambo yake ni Rongai, na mbuga ya Nairobi iko jirani. Kwa hiyo nilishika jibu la kwanza lililonijia: mbweha. Nikamwambia soja wetu tutafute mbwa mkali. Mzee yule alisimama mlangoni, akaangalia juu badala ya chini. "Mama, huyu hakuchimba. Ona pale." Fundi alikuwa ameacha nafasi ya hewa kati ya ukuta na mabati, upana wa ngumi hivi, na kwenye ubao wa juu palikuwa na mikwaruzo ya kucha na manyoya machache ya kijivu. "Hiyo ni kazi ya kanu."

Ndiyo, kanu. Huyu wa madoadoa na mkia mrefu wenye pete, mwembamba kama paka aliyenyooshwa. Nimewahi kujiuliza kama waliokipa chama cha KANU jogoo kuwa alama yake walijua kuna mnyama wa jina hilo hilo anayekula majogoo usiku.

Tangu siku hiyo sikimbilii kulaumu. Mbweha wetu ni yule wa mgongo mweusi; mwekundu unayemwona kwenye video za Uingereza hayupo huku. Yeye hunyakua kuku na kwenda naye, kwa hiyo utakuta manyoya yametawanyika kuelekea uani na kuku hayupo. Mbwa wa jirani mara nyingi huua tu na kuwaacha, tena kwa fujo zaidi. Nguchiro wengi huja mchana kweupe, wakitafuta mayai na vifaranga. Nyegere hahitaji upelelezi, kwani utakuta ubao umeng'olewa. Na ukikuta hakuna unyoya hata mmoja, kufuli imekatwa, na Krismasi ni wiki ijayo, huyo ana miguu miwili na pengine unamsalimia kila siku.

Kosa langu halikuwa ubahili. Banda lilikuwa na waya mpya wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita. Waya ule kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Mwenye meno huupasua, na matundu yakiwa makubwa mwenye kucha hupitisha mkono akamvuta kuku aliyelala karibu na ukuta. Nilitoa wote. Nikaweka wavu wa chuma uliochomelewa, matundu ya nusu inchi, nikaufunga kwa skrubu na washa, maana misumari hulegea mbao zikikauka. Nafasi za hewa chini ya paa sikuziziba, kwa sababu kuku wakikosa hewa mafua hayaishi. Nilizifunika kwa wavu huo huo. Kanuni ya mzee wa geti ni rahisi: kichwa chake kikipita, mwili wote umepita. Nilizunguka banda nikijaribu kila pengo kwa vidole vitatu.

Kwa wachimbaji, nililaza wavu chini nje ya ukuta, upana wa futi mbili, nikaufunika kwa udongo na mawe. Mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi. Akigonga waya hana wazo la kurudi nyuma futi mbili aanze upya. Mara mbili nimekuta vishimo vidogo hapo, vimeachwa vilivyo.

Ila wavu wote huo si kitu kama mlango uko wazi. Nairobi mwaka mzima saa moja jioni giza limeshaingia, na kuku wanapaswa kuwa ndani kabla ya hapo. Kama kazi yako iko mjini na unarudi na msongamano wa Lang'ata Road, usijidanganye kwamba utafunga mwenyewe. Mimi namlipa kijana wa jirani. Sharti langu ni ahesabu vichwa, kisha anitumie idadi kwa simu.

Kuna jambo moja ambalo huwezi kulimaliza kwa waya: siafu. Mvua ikikolea huhama usiku, na kuku aliyefungiwa ndani hana pa kukimbilia. Sehemu yao ya kulala sasa ina miguu, na kila mguu umesimama ndani ya kopo la oili chafu ya gari. Majani yasiiguse, la sivyo umewajengea daraja. Na sumu usitege, hata kama umelia. Itamwua mbwa wa jirani, itamwua mwewe atakayekula mzoga, na sheria haitakuhurumia.

Ukishamaliza hayo, ndipo tuzungumze mbegu adimu. Brahma wangu walinigharimu karibu bei ya mbuzi, na nilipowanunua tena nilikuwa nimejifunza kuangalia. Manyoya miguuni peke yake hayathibitishi kitu, kwani chotara wengi wanayo. Brahma halisi ana upanga wa kichwani mdogo uliolala, wenye mistari mitatu ya vinundu, na manyoya yake hushuka hadi kwenye vidole. Ukiona upanga mrefu uliosimama kama msumeno, mshukuru muuzaji uende zako. Silkie, yule wa manyoya laini kama hariri, mpulize uone ngozi, iwe nyeusi, halafu hesabu vidole: vitano kila mguu, si vinne. Muuzaji mmoja alipoona nahesabu, bei ilishuka bila mimi kusema neno.

Maonyesho ya kilimo ya Jamhuri Park ni mahali pazuri pa kuona ndege wengi kwa siku moja na kujuana na wafugaji. Kununua, napenda kwenda kwa mfugaji mwenyewe nione wazazi wamesimama. Masoko ya kuku hai, kama la Burma hapa Nairobi, ni ya kitoweo. Kuku wa kila mahali wamebanana kwenye matenga, na mdondo, ule ugonjwa wa Newcastle, hauulizi ukoo. Yeyote anayeingia kwangu hukaa peke yake wiki tatu na kupata chanjo ya mdondo kabla ya kukutana na wenzake. Mayai ya kuangua yaliyosafiri kwa basi uyapumzishe siku nzima, ncha ikiangalia chini, kabla ya kuyapa joto. Hata hivyo usitarajie miujiza: kati ya 12 niliyotumiwa, nilipata vifaranga 5.

Tena, msidharau vya kwetu. Kuchi wa Pwani, mrefu, mkali, anayetembea kama askari wa gwaride, ni adimu kuliko wengi mnaowatafuta ng'ambo, na kupata asiyechanganywa kunahitaji subira. Kishingo naye, yule wa shingo tupu, anavumilia joto na haugui ovyo. Brahma kwenye matope ya Aprili ni kazi: manyoya ya miguu hushika udongo, na utitiri hujificha humo. Nawapenda, lakini nawaosha miguu kama watoto wa nasari. Na yeyote anayekuambia mbegu fulani ni utajiri wa haraka, mkumbushe kware wa 2014, jinsi yai lilivyogombewa na kisha likakosa mnunuzi.

Baada ya usiku ule nilitaka kurudisha ukoo uleule. Sikuweza, kwa sababu wote walikuwa kwangu, banda moja, usiku mmoja. Siku hizi kila kizazi natoa mitetea wawili na jogoo mmoja kwa rafiki yangu wa Limuru, bure, kwa makubaliano kwamba nikipata msiba atanirudishia mayai. Naye ameniachia kishingo wake. Mwezi uliopita mdondo ulipita kijijini kwao, akabaki na mitetea watatu tu. Jumamosi napanda Limuru na jogoo kwenye tenga.