Je, hadubini ya malaria inaweza kuonyesha vipokezi vya dawa?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Ujiji, Kigoma. Nimesoma kwamba watafiti "wanaona" vipokezi vya dawa kwenye misuli laini ya mishipa ya damu. Kwa lenzi ya 100 vimelea vya malaria naviona vizuri tu. Kipokezi nacho nitakiona?

Jibu: Marahaba. Hutakiona, hata uipanguse lenzi mara ngapi. Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, na kipokezi, yaani protini ya seli ambayo dawa huishika, ni cha nanomita chache tu.

Wanachokiona wenzetu ni taa. Ukisimama Kibirizi usiku unaona taa za wavuvi wa dagaa, mitumbwi yenyewe huioni, na miwili ikisogeleana sana utahesabu taa moja. Basi dawa inayoshika kipokezi huunganishwa na rangi inayong'aa. Prazosini, inayozuia vipokezi vya alfa-1 vya adrenalini, hupewa rangi iitwayo BODIPY. Kipande cha mshipa kilicho hai hulowekwa humo, kisha leza ya hadubini ya konfokali hukipitia tabaka kwa tabaka.

Kazi ndipo inapoanza, maana si kila taa ni ya mvuvi. Elastini, protini inayoufanya ukuta wa mshipa unyumbuke, hung'aa kijani yenyewe, bila kutiwa kitu. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuita wenzangu waje waone "vipokezi" vyangu, kumbe elastini! Rangi nayo hunata ovyo kwenye mafuta ya seli. Kwa hiyo chukua kipande pacha, ukitangulize kwenye fentolamini, dawa nyingine inayoshika vipokezi hivyohivyo, isiyo na rangi, nyingi ya kutosha kukalia vipokezi vyote, ndipo utie prazosini yenye rangi. Mwanga uliopotea ndio wa vipokezi; uliobaki utoe kwenye hesabu. Picha isiyo na pacha wake siiamini, hata ipendeze vipi.

Kingamwili, protini za kinga zinazotengenezwa zinate kwenye kipokezi, pia hutumika, ila kwa vipokezi hivi nyingi zimeaibika: ziling'arisha hata seli za panya aliyeondolewa jeni ya kipokezi chenyewe.

Ukiona nukta zinazong'aa ndani ya seli usidhani wamekosea. Watafiti wa Glasgow, Uskoti, walizikuta humo kwa prazosini hiyohiyo. Alfa-1 havikai kwenye utando wa nje tu. Hapo uiangalie vizuri dawa ya kushindanisha, ile isiyo na rangi unayoitanguliza. Isiyopenya utando itazima taa za nje, za ndani zitaendelea kuwaka.