Msimlaumu refa peke yake

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama futiboli ya vyuo vya Marekani (ile ya mpira wa umbo la yai, siyo soka) inatenda haki katika orodha ya timu bora, ratiba na uamuzi uwanjani, na kama haitendi, kipi kimeoza zaidi. Najua wengi watawaandikia kumtukana refa. Mimi nasema ratiba.

Naishi Florida, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 nilikuwa zamu kwa mzee mmoja aliyeishabikia Florida State tangu ujana wake. Alikuwa amevaa kofia ya timu tangu asubuhi, supu imempoa mbele yake. Timu ilikuwa imecheza mechi 13 na kushinda zote 13, na usiku uliotangulia ilitwaa ubingwa wa ligi yake, ACC, kwa kuifunga Louisville 16-6. Kamati inayopanga orodha ya timu bora ikatangaza timu 4 za kugombea ubingwa wa taifa: Michigan, Washington, Texas na Alabama. Hizo mbili za mwisho zilikuwa zimefungwa mara moja kila moja. Mzee hakusema neno. Alichomoa kifaa chake cha kusikilizia, akakilaza juu ya leso, runinga ikabaki kupiga kelele peke yake.

Sababu iliyotolewa ni kwamba kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, Jordan Travis, aliumia mguu vibaya mwezi Novemba, kwa hiyo timu haikuwa tena ile ile. Maana yake walishinda mechi zote walizocheza, wakafelishwa kwa mechi ambazo hawajacheza.

Kwa sisi tuliokulia kwenye soka, jambo hili ni gumu kumeza. Ligi Kuu Bara ina timu 16, kila moja inakutana na kila mwenzake nyumbani na ugenini, mechi 30, na mwisho wa msimu msimamo unajisemea wenyewe. Hakuna mtu anayekaa hotelini kujadili kama Yanga "inaonekana" bora kuliko Simba. Huku, msimu wa 2025 daraja la juu lilikuwa na timu 136, na kila timu hucheza mechi 12 tu kabla ya fainali za ligi. Nyingi hazionani kabisa. Ndiyo maana watu 13 hukutana hotelini Grapevine, Texas, na kupanga nani wa kwanza na nani wa kumi. Mjumbe ambaye chuo chake kinajadiliwa hutoka nje ya chumba. Utaratibu huo sina neno nao. Lakini hata wale 13 wangekuwa malaika, bado wangekuwa wanakadiria uzito kwa macho, kwa sababu mzani hawajapewa.

Na huo mzani, yaani ratiba, unatengenezwa na nani? Sehemu na ligi yenyewe, sehemu na chuo chenyewe kwa mikataba inayotiwa saini miaka kadhaa kabla. Chuo kikubwa humlipa mdogo aje kufungwa. Mwaka 2022 Texas A&M iliilipa Appalachian State dola milioni 1.5 kwa safari moja, ikafungwa 17-14 mbele ya mashabiki wake. Nilicheka siku hiyo, nakiri. Lakini mara nyingi mgeni hupokea hundi na kipigo pamoja. Halafu kuna hesabu ya ligi: kati ya ligi kubwa za vyuo, kwa miaka mingi timu za Big Ten zimekuwa zikicheza mechi 9 za ndani ya ligi yao, za SEC 8. Hiyo nafasi moja ya ziada wakubwa wa SEC wamezoea kumwalika mnyonge mwezi Novemba, wiki chache kabla ya kamati kutoa uamuzi wa mwisho. SEC imekubali kwenda 9 kuanzia 2026, na haikukubali haraka.

Kisa kinachoniuma kuliko vyote ni cha UCF, chuo cha hapa Florida, mwaka 2017. Ilishinda mechi zote 12, kamati ikaiweka nafasi ya 12 kwa hoja kwamba ilicheza na vibonde. Nani mkubwa angekubali kupanga nayo mechi? Ikapewa Auburn kwenye mechi ya Januari 1, 2018, ikaifunga 34-27. Auburn hiyo hiyo, msimu ule ule, ilikuwa imezifunga Alabama na Georgia, na hao ndio waliokutana kwenye fainali ya taifa. UCF ikajitangazia ubingwa, ikafanya gwaride. Watu waliicheka, mimi sikuona cha kucheka.

Sasa refa. Oktoba 6, 1990, Colorado ilikuwa nyuma ya Missouri 31-27, sekunde zinayoyoma, karibu kabisa na mstari wa kufungia. Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira mbele. Wakati wa mapumziko mafupi, ubao unaoonyesha namba ya jaribio ulisahaulika kugeuzwa, ukabaki kwenye 2 wakati lililofuata lilikuwa la tatu. Waamuzi wote wakaufuata ubao. Colorado ikacheza jaribio la tano, ikaingia, ikashinda 33-31, na mwisho wa msimu ikagawana ubingwa wa taifa na Georgia Tech. Waamuzi walisimamishwa, matokeo yakabaki. Mwaka 1940 Cornell nayo iliifunga Dartmouth 7-3 kwa jaribio la tano. Filamu ilipoonyesha kosa, refa alikiri, Cornell ikapiga telegramu ya kuachia ushindi, na mpaka leo vitabu vinasoma Dartmouth 3-0.

Angalia lakini: makosa hayo tunayajua. Tuna siku, namba ya jaribio, hata kibao kilichosahaulika. Oktoba 2024 kule Austin, timu ya Texas ilipopigiwa faulo isiyokuwepo katika mechi dhidi ya Georgia, mashabiki walirusha chupa uwanjani, na wakati zinaokotwa waamuzi wakashauriana, wakafuta uamuzi. Uamuzi wa mwisho ulikuwa sahihi, njia ilikuwa aibu, na chuo kikatozwa faini ya dola 250,000. Kosa la ratiba halina marejeo ya video. Hakuna wa kumrushia chupa.

Ningepewa kalamu ningefanya kama Ligi ya Mabingwa Ulaya tangu 2024: timu 36, vyungu vya ubora, droo, kila mmoja mechi 8 na wapinzani ambao hakuwachagua. Vyuo vikubwa viachie angalau mechi mbili zipangwe hivyo kila msimu. Kuongeza mchujo kutoka timu 4 hadi 12 kumesaidia, lakini mnamo Desemba 2025 Miami na Notre Dame ziligombea tundu moja. Miami ilikuwa imeifunga Notre Dame 27-24 tarehe 31 Agosti, na kwa wiki kadhaa kamati ikamweka aliyefungwa juu ya aliyemfunga. Siku ya mwisho ikawageuza, ingawa wikiendi hiyo hakuna kati yao aliyecheza.

Florida State ilimaliza msimu ule wa 2023 kwa kupigwa na Georgia 63-3, wachezaji zaidi ya 20 wakiwa wamejiondoa au majeruhi. Wapo wanaouchukua ule mkong'oto kama ushahidi kwamba kamati iliona mbali. Mzee hakuutazama, tulikwenda dukani kununua betri za kile kifaa chake. Tukiwa kwenye foleni akaniuliza, "Msimu ujao tunaanza na nani?" Nikatafuta kwenye simu: Georgia Tech. Tena Dublin, Ireland.